Zahanati yangu haiuzi bima: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Kamishna wa Bima

Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Kamishna wa Bima, na waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Bunge inayosimamia afya,

YAH: ADA YA KILA MWEZI KATIKA ZAHANATI ZA WANACHAMA

Shikamooni kwa walionizidi umri, na wengine hamjambo. Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari, naishi Tanga. Nilitumikia serikali miaka 16, nikaaga kwa heri mwaka 2017, na tangu 2019 naendesha zahanati ndogo Ngamiani, kwenye nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na baraza. Sina mbia, sina mfadhili, wala sina mkataba na bima yoyote. Nina wanachama. Kaya hunilipa ada ya mwezi, na kwa ada hiyo watu wake huja muda wowote tukiwa wazi, hata mara tano kwa mwezi, bila kuulizwa hela mlangoni. Biashara yangu ni hiyo tu. Nawaandikia kwa sababu sijui kama ni halali, na nimechoka kutojua.

Mwaka jana, Jumanne moja asubuhi, walinijia vijana watatu kutoka ofisi moja ya umma. Sitaitaja, maana ugomvi wangu si na wao. Mkubwa wao alinipa shikamoo vizuri kabisa, kama mtoto aliyelelewa. Nikaitikia, nikawakaribisha barazani nimalize mgonjwa aliyekuwa ndani. Muuguzi wangu hakujua ni akina nani, na kwetu kila anayekaa kwenye benchi lile hupimwa presha kabla hata hajaulizwa jina. Akamfunga yule kijana mkanda wa kipimo mkononi, faili likiwa bado mapajani. 168 kwa 104. Akamwacha atulie dakika tano, akarudia: 164 kwa 102. Mtu wa miaka thelathini na kitu.

Nilipotoka aliniambia alichotumwa. "Mama, tumepata taarifa kwamba mnaandikisha watu na kuwatoza kila mwezi, waumwe wasiumwe. Hiyo ni bima. Leseni ya bima mnayo?" Nikamjibu sina, na kwamba ninachouza si bima. Akaandika. Wakahesabu kadi zetu zote, ambazo tunazitunza kwenye kopo la biskuti, wakapata 338, wakachukua nakala ya fomu. Alipofika kwenye ngazi akarudi hatua mbili, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, ile presha ni kubwa?" Nikamwambia ni kubwa, na asiiache. Akaomba fomu nyingine, hii akaiweka mfuko wa shati. Hajarudi.

Kilichorudi ni barua. Nilitakiwa nijieleze ndani ya siku 14 kwa nini nisichukuliwe hatua kwa kuendesha biashara ya bima bila leseni. Nikajieleza kwa kurasa nne, nikapeleka mwenyewe, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Mpaka leo sijajibiwa. Kwa kuwa sijui nimeachiwa au nimehukumiwa, nimesimamisha kuandikisha wanachama wapya tangu siku ile. Wanaokuja kuomba nawaambia wasubiri, na wanadhani naringa.

Wazo hili sikulitoa Ulaya. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, na shamba lao lilikuwa na zahanati yake. Mfanyakazi na watoto wake walitibiwa pale na hakuna aliyetoa senti dirishani, kwa sababu shamba lilishalipia. Mganga wa pale alitujua kwa majina. Alijua nani ana pumu na mama wa nani alijifungua kwa shida. Nilipokuja kuwa daktari wa serikali nikawa naona watu 70, 80 kwa siku, na aliyekaa mbele yangu leo nilikuwa na hakika sitamwona tena, au nikimwona sitamkumbuka. Sikuacha kazi kwa sababu ya mshahara. Niliacha kwa sababu nilikuwa natibu makaratasi.

Sasa nikiri jambo ambalo wenye zahanati wenzangu hawatalipenda. Nilipofungua sikuanza na uanachama. Nilianza kama kila mtu: kumwona daktari bei yake, kipimo bei yake, sindano bei yake. Utani wa mjini mnaujua, kwamba ukienda kupima hukosi yutiai, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na taifodi. Kipimo cha Widali, ambacho kila daktari alifundishwa chuoni kwamba peke yake hakithibitishi taifodi, ndicho kinacholipa kodi ya nyumba nyingi za zahanati hapa nchini. Nilijua hayo yote. Lakini baada ya miezi minane nilikaa na daftari la maabara nikaona vipimo vimeongezeka mwezi hadi mwezi, na sikumbuki siku niliyoamua viongezeke. Mkono unajifunza wenyewe. Mwisho wa mwezi ukikaribia na kodi haijatimia, kila homa inaanza kufanana na taifodi, na kila anayejisikia mchovu anastahili dripu.

Ndipo nikaanza uanachama, mwaka 2020. Ada ni Sh 15,000 kwa mwezi kwa kaya ya watu wasiozidi watano, inalipwa kwa lipa namba au mkononi na kupewa risiti. Ndani yake kuna kumwona daktari au tabibu, kipimo cha haraka cha malaria, sukari, mkojo, wingi wa damu, kufunga vidonda, sindano ukihitajika kuchomwa, na simu ya zahanati ambayo mimi au tabibu huipokea hata saa nane usiku. Dawa za homa na maambukizi ya kawaida zimo. Dawa za muda mrefu, yaani za presha, kisukari na pumu, mwanachama anazinunua kwa bei tuliyonunulia sisi, na karatasi ya bei imebandikwa ukutani pamoja na stakabadhi ya duka la jumla. Kulazwa, upasuaji, kujifungua na eksirei havimo. Juu ya fomu, kwa wino mwekundu, tumeandika HII SI BIMA, na anayesaini husomewa, hata kama amesoma kuliko mimi.

Niwape mfano wa mtu mmoja, kwa ruhusa yake, bila jina. Ni mama wa miaka 61, anauza vitumbua alfajiri. Mara ya kwanza alikuja ameshikwa mikono miwili, presha 212 kwa 118. Nikamuuliza dawa gani anatumia. Akatoa kwenye kanga kipande cha karata ya amlodipini chenye vidonge viwili, kimekatwa kwa mkasi. Alikuwa ananunua vidonge vitano vitano duka la dawa, kichwa kikimuuma. Kikitulia anaacha, hela inakwenda kwenye unga na mafuta. Hakuwa mzembe. Alikuwa amepiga hesabu: kumwona daktari ni hela, kupimwa ni hela, na mtu asiyeumwa kichwa haoni kwa nini alipe kuambiwa kwamba yu mzima.

Kijana wake akaandikisha kaya. Tangu hapo huja Jumamosi akimaliza kuuza, ndoo tupu mkononi, na ana ubishi wake: "Dokta, nipime kabla sijakaa, nikikaa inashuka." Namkalisha. Jumamosi iliyopita ilikuwa 138 kwa 84. Kuishusha kulichukua miezi saba, dawa mbili, na mabishano mengi kuhusu chumvi na dagaa. Kwa malipo ya mlangoni, kila moja ya Jumamosi zile ingekuwa gharama kwake na asingekuja. Mimi nami ningekuwa na kila sababu ya kumtafutia kipimo cha kuongeza. Kwa ada ya mwezi, akija bila kuumwa wote wawili tunafurahi. Ndiyo siri yote ya mpango huu.

Hesabu zangu ni hizi, maana wengi hudhani mwenye zahanati analalia noti. Kaya zilizoandikwa ni 338, zinazolipa mwezi wa kawaida ni kama 260. Hizo ni shilingi milioni 3.9. Tabibu 700,000, muuguzi 550,000, wa maabara 550,000, mhudumu wa usafi 200,000, kodi ya nyumba 400,000, umeme na maji na intaneti 150,000, dawa na vitendanishi 900,000, kuchukuliwa taka hatarishi 40,000. Inabaki 410,000, na bado hujagusa leseni, ada za mabaraza ya taaluma, wala kodi ya mapato. Kinachonilisha ni wagonjwa wasio wanachama wanaolipa papo kwa papo, na siku mbili kwa wiki ninazokwenda kuziba nafasi hospitali nyingine. Januari wanaolipa hushuka hadi 200, maana ni mwezi wa ada za shule na sare, na mwezi huo nadaiwa. Silalamiki. Nataka tu anayeniita kampuni ya bima aone kampuni yenyewe.

Sasa tuje kwenye neno hilo. Bima, kwa ninavyoielewa, ni ahadi ya kulipa fedha likitokea jambo: gari likipinduka, nyumba ikiungua, mtu akilazwa. Kampuni ya bima yenyewe haitibu mtu, humlipa aliyemtibu. Mimi siahidi kumlipa mtu yeyote hata shilingi. Nauza muda wangu na wa watu wangu kabla haujatumika. Mtaani kwetu kila nyumba humlipa mlinzi wa usiku kila mwezi, mwizi aje asije. Mzazi humlipa ustadhi wa madrasa ada ya mwezi, mtoto ahudhurie asihudhurie. Hakuna aliyewahi kuwauliza leseni ya bima.

Nakubali, na ni haki nikubali, kwamba chembe ya bahati nasibu imo. Masika yakija na mbu wake na nusu ya kaya zikaja wiki moja, hasara ni yangu. Lakini fundi aliyepatana bei ya jumla kuchimba shimo la choo naye hula hasara akikuta mwamba, na bado tunamwita fundi. Kitu kinachofanana hasa na bima mtaani kwetu ni chama cha kuzikana, maana kile hutoa fedha taslimu mtu akifa. Sisemi mwende kukihesabu kadi! Mkienda laana itanirudia mimi.

Tena serikali yenyewe ilipita njia hii hii. Mfuko wa Afya ya Jamii ulipoanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, ulikuwa nini kama si kaya kulipa mapema ili itibiwe kituo cha karibu? Ukapata sheria yake mwaka 2001, na ulipoboreshwa mwaka 2018 kaya ya watu wasiozidi sita ikawa inalipa Sh 30,000 kwa mwaka. Tulijifunza mengi kwenye mfuko ule, pamoja na kwamba ukimlipisha mtu mapema akafika dirishani akaambiwa dawa hakuna, mwaka unaofuata humwoni. Mimi nimelichukua somo hilo, ndiyo maana mwanachama wangu analipa mwezi mmoja mmoja na ana haki ya kuondoka mwezi wowote. Akiondoka najua nilichokosa.

Wamarekani, ambao kwa mambo ya kulipia matibabu si watu wa kuigwa ovyo, walishagombana na swali hili. Huko wako madaktari wa familia waliojitoa kwenye bima kwa sababu makarani wa kufuatilia malipo walikuwa wanakula nusu ya siku yao. Wanatoza ada ya mwezi kama mimi, na wanakaa na wagonjwa mia kadhaa badala ya elfu mbili na zaidi. Mara tu walipoanza waliulizwa swali lile lile: leseni ya bima iko wapi? Jimbo la Washington likatunga sheria mwaka 2007 kusema mpango wa namna hii si bima, mradi mkataba umwambie mgonjwa hivyo waziwazi. Leo majimbo zaidi ya 30 yana sheria za aina hiyo. Mamlaka ya kodi ya taifa ilibaki na mashaka yake kwa miaka: mtu akilipa ada kwa daktari wake, ilihesabiwa ana mpango mwingine wa afya na akakosa haki ya kuweka fedha kwenye akaunti maalumu ya akiba ya matibabu isiyokatwa kodi. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeondoa kikwazo hicho kuanzia 1 Januari 2026, kwa ada isiyozidi dola 150 kwa mwezi kwa mtu mmoja na 300 kwa familia. Sisemi sheria huleta neema. Kampuni ya Qliance ya Seattle, waliokuwa mstari wa mbele kabisa katika mambo haya, ilianza mwaka ule ule wa 2007 na ikafunga milango 2017. Lakini ilifungwa kwa hesabu za biashara. Haikufungwa kwa sababu mtu alihesabu kadi zake.

Kuna kisa cha zamani zaidi ambacho kinanichekesha na kuniuma. Mwaka 1929, Elk City, Oklahoma, daktari mhamiaji mzaliwa wa Lebanoni, Michael Shadid, aliwashawishi wakulima wanunue hisa za dola 50 wajenge hospitali yao ya ushirika. Waliomwandama wa kwanza hawakuwa serikali. Walikuwa madaktari wenzake: chama chao cha wilaya kilijivunja, kisha kikaundwa upya bila yeye. Nakitaja kwa sababu ile "taarifa" iliyowaleta vijana wale barazani kwangu, nina shaka, haikuandikwa na mgonjwa.

Waheshimiwa, hofu yenu naielewa. Sheria ya mwaka 1977 ilifunga tiba binafsi ya kibiashara kwa sababu zilizokuwa na uzito wakati ule, na ilipofunguliwa tena mwaka 1991 walikuja wema na waovu kwa pamoja. Kesho mtu anaweza kukodi fremu, akakusanya ada za kaya elfu mbili, akatokomea. Au akaahidi "tutakulipia hadi upasuaji" ilhali hana hata kitanda. Hao wazuieni. Wekeni kanuni fupi chini ya sheria iliyopo ya hospitali binafsi: zahanati ikitoza ada ya mwezi isitoze zaidi ya miezi mitatu mbele, fedha ya mwezi ambao haujafika irudishwe mwanachama akiondoka au zahanati ikifungwa, orodha ya kilichomo na kisichomo ibandikwe mlangoni kwa Kiswahili, asikataliwe mtu kwa sababu tayari ana kisukari au virusi vya UKIMWI, iwepo idadi ya juu ya wanachama kwa kila mtoa huduma, na marufuku kabisa kuahidi kumlipia mtu huduma ya mahali pengine, maana hapo ndipo bima inapoanzia. Mkaguzi akija akute kipimo cha kupimia. Leo anakuja na kichwa chake, nami nina changu.

Hilo la kutokataa wagonjwa linanigharimu, na sitaki mdhani nalisema kirahisi. Mnakumbuka Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya Sh 50,400 kwa mtoto, iliyositishwa Machi 2023 kwa maelezo kwamba wazazi walikuwa wanakuja kukata kadi mtoto akishaugua. Hata kwangu wapo. Mtu anajiandikisha Jumatatu na kidonda cha mwezi mzima, anafungwa kila siku mpaka kinapona, haonekani tena. Nilifikiria kuweka miezi miwili ya kusubiri. Kisha nikamkumbuka yule mama wa vitumbua alivyokuja siku ya kwanza, nikaiacha. Dawa niliyoipata ni ndogo: aliyeondoka akitaka kurudi ndani ya mwaka analipa ada ya miezi mitatu. Inasaidia kidogo.

Jambo kubwa zaidi ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Naiunga mkono, kwa sababu mimi siwezi kumfanyia mtu upasuaji wa utumbo kwa Sh 15,000, na nimeshaona familia ikiuza kiwanja kwa ajili ya wiki mbili za wodini. Lakini wanachama wangu wananiuliza kila siku: "Dokta, nikishakatwa bima ya serikali, nikulipe na wewe tena?" Sina jibu. Ikiwa bima itawalipa watoa huduma wa ngazi yangu kwa kila kipimo na kila kidonge, nitakuwa na njia mbili: kufunga, au kurudi kule kwenye homa zinazofanana na taifodi.

Na kila mwaka mtagombana na watu kama mimi kuhusu bei. Mlishaliona hilo tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kutumia kitita kipya, yaani orodha mpya ya huduma na bei zake, na vituo binafsi vikagoma kuwahudumia wenye kadi. Kila upande ulikuwa na hesabu zake nzuri, na aliyesimama getini na kadi mkononi hakuwa na upande.

Ombi langu ni kwamba huduma ya msingi ilipwe kwa kichwa. Kila kaya ichague kituo chake, cha umma au binafsi, na kituo kilipwe kiasi kile kile kila mwezi kwa kila mtu aliyejiandikisha, aje asije. Malipo ya kipengele kwa kipengele yaachiwe hospitali. Uingereza tangu 1948 daktari wa mtaa hulipwa kwa sehemu kubwa kwa idadi ya watu walioandikwa kwake, na bado kliniki nyingi ni mali ya madaktari wenyewe. Jirani zetu Kenya, tangu Oktoba 2024, wametenga mfuko wa huduma za msingi peke yake, mbali na ule wa hospitali. Yao bado yana kelele zake, lakini kutenganisha kule ni jambo la kutazama.

Mtaniambia daktari aliyeshalipwa hana haraka ya kufungua mlango. Ni kweli kabisa. Ndiyo kasoro ya mpango huu, kama vile yutiai ilivyo kasoro ya ule mwingine. Hata mimi Ijumaa jioni nikiwa nimechoka, mwanachama akipiga simu, kuna sauti ndani inaniambia mpe panadoli mpaka Jumatatu. Usiku mmoja dereva wa bodaboda alipiga kuhusu mtoto wa miaka miwili mwenye homa, na nusura niitii sauti ile. Nikamwambia amlete. Mtoto alifika akiwa na degedege, malaria imeshapanda, tukampa huduma ya kwanza na kumkimbiza hospitali ya Bombo kwa pikipiki ile ile, mimi nimembeba nyuma. Mtoto yupo, anasoma chekechea. Lakini najua jinsi jibu lilivyokuwa karibu kuwa lingine. Kwa hiyo kaya iwe na haki ya kuhama kituo bila kuomba ruhusa ya mtu, hata kila baada ya miezi mitatu, na fedha zake zihame naye. Kituo kinachokimbiwa kitajulikana bila kutuma mkaguzi.

Kuhusu wakaguzi nitasema kwa ufupi, kwani yameshasemwa mno. Wa halmashauri ana siku yake, wa dawa siku yake, wa maabara yake, wa zimamoto yake, wa usalama mahali pa kazi yake. Kila mmoja ana fomu, na kila fomu inauliza idadi ya vyoo. Tunavyo viwili. Mkiweza kuja pamoja siku moja, tutawaonyesha vyote kwa mkupuo.

Nikirudi kwenye lililonifanya nishike kalamu, naomba mambo mawili tu kwa sasa. Kwanza, nijibiwe ile barua yangu ya kurasa nne, hata kama jibu ni hapana, nijue. Pili, kila mnapopanga au kurekebisha kanuni za bima kwa wote katika eneo la huduma za msingi, tuitwe sisi wenye zahanati ndogo za mitaani tusikilizwe, si wenye hospitali kubwa peke yao. Wao wana mawakili. Sisi tuna tabibu, muuguzi na kopo la biskuti.

Mkipenda kuona, Jumamosi ndiyo siku ya presha, kuanzia saa tatu. Msije na msafara, barabara yetu ni nyembamba na baiskeli ni nyingi. Benchi linachukua watu sita. Mtapimwa kabla ya kuulizwa majina.

Naomba kuwasilisha.

Daktari wenu,
Ngamiani, Tanga